Nina Ugomvi na Karatasi ya Manila

Nina ugomvi na karatasi ya manila. Nasema ile inayobandikwa ukutani katika vyumba vya watahiniwa, kuanzia Arua mjini hadi Koboko, yenye mistari iliyopigwa kwa rula. Mada za fizikia, kemia na biolojia zimepangwa kushoto, na kulia kila mada ina kisanduku chake kinachosubiri alama ya vema. Mtoto akishasoma mada, anatia vema. Vema zikijaa, amemaliza. Mzazi akiingia chumbani anatazama ukuta, anafurahi, anatoka. Mwalimu naye ana ya kwake ofisini, kubwa zaidi, na siku ya wazazi kutembelea shule mkuu husimama akatangaza kwa sauti ya ushindi kwamba silabasi ya kidato cha nne ilikwisha tangu muhula wa kwanza, sasa kilichobaki ni kudurusu tu.

Watu hupiga makofi. Hata mimi nimewahi kuyapiga. Leo nayadai yarudi.

Rai ninayoipinga ni hii: kwamba maendeleo ya mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa sayansi hupimwa kwa kiasi alichopitia. Mada ngapi, kurasa ngapi, saa ngapi za usiku, pasti pepa ngapi. Rai hiyo inashikwa na karibu kila mtu ninayemheshimu hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na ndiyo sababu nataka kuibishia hadharani badala ya kunong'ona pembeni. Vema ya ukutani haimwambii mwanafunzi hata jambo moja analohitaji kulijua. Tena humdanganya, na humdanganya kwa rangi za kupendeza.

Mwisho wa muhula wa pili nilipanda gari kwenda Koboko kumsalimu dada yangu. Siku hizi safari hiyo haina hadithi. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba mpakani, kilomita 92, ni lami, na aliyewahi kulila vumbi lake zamani ndiye anayejua maana ya neno lami. Nilimkuta mpwa wangu, mtahiniwa wa mwaka huu, akiwa amejifungia na vitabu. Akatoka akanikaribisha, na hata maji sijanywa akanishika mkono.

"Mjomba, kemia nimeimaliza. Njoo uone."

Kweli, ukuta ulichanua kama bustani. Vema za kijani kwa mada aliyoisoma mara moja, za bluu kwa mara mbili, nyekundu kwa mara tatu. Kwenye mstari wa kutambua ayoni zilikuwepo rangi zote tatu. Nikamwomba afunge daftari tuzungumze kidogo. Nikamwambia: umepewa maji ya chumvi usiyoijua. Umedondosha hidroksidi ya sodiamu, yakatokea mashapo meupe. Ukaongeza, mashapo yakayeyuka. Una nini mkononi?

"Zinki," alijibu upesi.

"Peke yake?"

Akawaza. "Na alumini." Kisha, baada ya kimya: "Na risasi."

"Vizuri sana. Sasa utazitenganishaje hizo tatu?"

Hapo ndipo alipoinamisha uso. Halafu akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Naijua, mjomba. Iko kwenye daftari, ukurasa wa kulia, juu kabisa, nimeipigia mstari wa njano."

Alikuwa anasema kweli. Tulipofungua, ilikuwa palepale: tia amonia, mashapo ya zinki yatayeyuka ukiongeza, ya alumini na ya risasi yatabaki, kisha iodidi ya potasiamu itaifichua risasi kwa rangi ya manjano. Ukurasa wa kulia, juu kabisa, mstari wa njano. Mtoto alikuwa anaijua nyumba ilipo, mlango wake, hata rangi ya dirisha. Mwenye nyumba hajapata kuonana naye.

Naomba asidhani mtu kwamba namcheka. Binti huyu si mvivu. Analala saa tano na kuamka saa kumi. Alikuwa ameisoma mada ile mara tatu kwa uaminifu, na kila mara aliposoma aliielewa. Hapo ndipo ulipo mtego. Kitu ulichokisoma jana, leo ukikisoma tena hupita kichwani kwa ulaini, na ulaini huo tunauita kujua. Kumbe ni mazoea ya macho tu. Mtu anayepita kila siku mbele ya duka fulani sokoni anaweza kuapa kwamba analijua. Mwulize bei ya sukari humo ndani.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi makala fupi mbili za sayansi, moja kuhusu jua na nyingine kuhusu fisi-maji wa baharini. Katika jaribio lao la pili, kundi moja lilisoma makala kwa vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, halafu vipindi vitatu likafunga karatasi na kuandika lililokumbuka. Waliopewa nafasi ya kusoma tu waliirudia makala mara 14 kwa wastani. Wale wengine, mara tatu na ushei. Kwa waliopimwa dakika tano baadaye, wasomaji waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Hapo mkuu wa shule yetu angeshangiliwa. Wengine wa makundi hayohayo walipimwa baada ya wiki moja, na waliorudia mara 14 wakabaki na asilimia 40, hali waliojiuliza wenyewe walikuwa na 61. Kinachonichoma zaidi ni jambo la pembeni: kabla ya kuachana nao, watafiti waliwauliza wanafunzi wanadhani watakumbuka kiasi gani. Waliojiamini zaidi ni wale waliokuja kusahau zaidi.

Miaka saba baadaye, mwaka 2013, John Dunlosky na wenzake wanne walizipitia mbinu kumi za kujisomea na kuzipima kwa ushahidi uliokuwepo. Kurudia kusoma na kupigia mistari ya rangi ziliwekwa daraja la chini. Kujipima na kutawanya masomo kwa siku kadhaa ziliwekwa juu. Karatasi ya manila inahesabu kitu gani? Inahesabu zile za chini.

Tena kwetu saa ya kusoma si ya bure. Gridi ya taifa imefika Arua miaka hii ya karibuni tu. Kwa muda mrefu tuliishi kwa jenereta na kwa kituo kidogo cha Nyagak kule Zombo, megawati 3.5 zikigombaniwa na mkoa mzima, na vijijini bado ni taa ya sola au mshumaa. Mtoto anayesoma mada ileile mara ya nne chini ya taa hiyo ananunua usahaulifu kwa bei ya mwanga. Lau ningekuwa tajiri nisingesema neno.

Lakini rai potofu haishiki mizizi bila sababu, na hii ina sababu za kuheshimiwa. Neno "kumaliza" ni tamu mno masikioni mwa West Nile kwa sababu wengi wetu hatukumaliza. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa jeshi jipya lilipoingia huku mwaka 1980, watu walivuka mipaka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Vijana waliokuwa darasani wakati ule walikunja madaftari, na wengi hawakuyakunjua tena. Nyanya na babu wa watahiniwa wa leo wamo humo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba mjukuu wake amemaliza silabasi, umemwambia kwamba vita vimekwisha.

Halafu ikaja korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Wiki 83 kwa hesabu ya UNESCO, hakuna nchi iliyotushinda duniani. Zilipofunguliwa, mjadala wote ulikuwa wa kiasi: kipi kimepotea, kipi kipunguzwe, tutakifikiaje. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji wa Mitaala kikatoa mtaala uliofupishwa, na walimu wakakimbia kama watu waliochelewa basi. Silaumu, nani asingekimbia? Nasema tu kwamba mwendo ule wa dharura umegeuka desturi, na kizazi kizima kimefundishwa kwamba kusoma ni kufika mwisho wa orodha.

Kuna wanaonijibu kwamba nimechelewa, hayo yote yalikuwa ya mtaala wa zamani. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza na kidato cha kwanza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza wakafanya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024. Asilimia 20 ya alama inatoka kwenye kazi za shuleni, 80 kwenye mtihani. Maswali siku hizi ni ya visa: unapewa hali ya maisha, unatakiwa uitatue kwa ujuzi wako. Kwa hiyo, wanasema, kujipima kwa maswali na majibu ni ukasuku wa zama za kale. Sasa ni ubunifu, na mbunifu anahitaji kusoma kwa mapana, kwa hiyo ukuta wake na ujae vema.

Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na naona inaniunga mkono mimi. Chukua kisa hiki, nimekitunga mwenyewe: "Nyanya yako huloweka muhogo mchungu siku kadhaa kabla ya kuuanika na kuusaga. Jirani mpya, mkimbizi aliyetoka mjini, anataka kuupika siku ileile aliouchimba. Mshauri, kwa kutumia ujuzi wako wa biolojia na kemia." Mada zinazohusika zote zilikuwa na vema kwenye ukuta wa mpwa wangu: vimeng'enya, chembe za mimea, usambazaji wa gesi. Nilipompa swali, aliandika ukurasa mzima kuhusu vimeng'enya kwa jumla, sahihi kabisa, na hakumfikia nyanya. Hakuona kwamba muhogo unapolowekwa chembe zake hulegea na kupasuka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa na sumu-ghafi kinakutana nayo, sianidi inaachiliwa, nyingine inakwenda na maji na nyingine inapaa hewani unapoanikwa. Ameula muhogo huo tangu azaliwe.

Ujuzi wa kuunganisha hauji kwa kupita juu ya mada. Unakuja kwa kushindwa kuunganisha, kuona uliposhindwa, na kujaribu tena baada ya siku tatu. Na ile hazina yetu ya pasti pepa, marundo yanayouzwa kwenye vibanda vya fotokopi mjini Arua, kwa mtaala mpya nyingi ni karatasi za kufungia karanga. Mitihani halisi ya mfumo huu bado inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mtoto hana budi kujitungia maswali. Asiyejua pa kukosea atatunga nini?

Nilimwambia mpwa wangu aende jikoni amweleze nyanya yake, kwa Kikakwa, kwa nini anachokifanya na muhogo kinafanya kazi. Alikwama kwenye sentensi ya pili. Kwa Kiingereza angepita, maana Kiingereza cha kitabu kinabeba mtu asiyejua kinakokwenda. Serikali ilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima mashuleni, wengi walilalamika kuwa ni mzigo. Mimi hapa mpakani, ambako mtoto anaongea Kikakwa nyumbani, Kiswahili na Kinubi sokoni, Kiingereza darasani, naona tuna kipimo ambacho watoto wa Kampala hawana: ukiweza kuivusha hoja ya sayansi kutoka lugha moja hadi nyingine bila kudondosha chochote njiani, hiyo tia vema.

Sasa hoja ya maabara. Nikiisema rai yangu mbele ya walimu, hii ndiyo hutoka kwanza: unataka watoto wajipime, wajipime kwa nini? Bureti ziko sita kwa wanafunzi mia, kemikali hununuliwa wiki ya mtihani, na kila mwaka matokeo yakitangazwa tunaambiwa watahiniwa wamelemewa na vitendo. Mwache mtoto asome nadharia angalau aimalize.

Uhaba ni wa kweli. Lakini tazameni tulichokifanya barazani kwa dada yangu, kwa uzi wa kushonea, jiwe la ukubwa wa yai, rula na simu yenye saa. Tulilining'iniza jiwe kwenye boriti. Jaribio la pendulamu kila mtahiniwa analijua: pima urefu wa uzi hadi katikati ya jiwe, lisukume kidogo, hesabu mabembeo 20, gawanya upate muda wa bembeo moja, rudia kwa urefu tofauti, chora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu, na kutoka kwenye mteremko utafute mvuto wa dunia. Mpwa wangu alikuwa na vema tatu hapo pia. Alifanya kwa utulivu, sentimita 40, 50, 60, hadi 100. Akachora. Nukta zote zilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka kama kamba ya fundi mwashi, ukapita kwenye sifuri. Alitabasamu. Mteremko ulikuwa 3.63, akakokotoa, akapata 10.9.

Kitabu kinasema 9.8.

"Labda uzi umevutika," alisema.

Nikamwomba arudie mara moja nimsikilize. Aliachia jiwe na papo hapo akasema: "Moja!" Jiwe lilikuwa bado halijakwenda popote. Kwa hiyo alipofika "ishirini" jiwe lilikuwa limebembea mara 19 tu, kila safari, kwa kila urefu. Na hapo ndipo penye somo ambalo hakuna kitabu kilichokuwa kimempa: kosa linalofanywa kila mara kwa namna ileile haliupindishi mstari. Grafu inabaki nzuri. Kila nukta inathibitisha mwenzake. Angeweza kurudia jaribio hilo mara hamsini, akatia vema hamsini, na asigundue, kwa sababu kilichokosekana ni kugonganisha jibu lake na jibu lingine.

Alianza upya, safari hii akihesabu kuanzia sifuri. Mteremko ukapanda hadi 4.0, jibu likashuka hadi 9.9. Alipiga kelele hadi mama yake akatoka jikoni.

Gharama ya maabara hiyo ilikuwa uzi. Sijasema kwamba uzi unatosha. Kupima tindikali kwa bureti huwezi kukuigiza barazani, na mwanafunzi ambaye hajawahi kuona rangi ya waridi ya fenolfthalini ikitoweka kwa tone moja ana haki ya kudai aione kabla ya siku ya mtihani. Lakini hata huko ipo sehemu kubwa isiyohitaji kemikali: kuchora jedwali la usomaji bila kutazama, kuandika kila kipimo cha bureti kwa desimali mbili, kujua ni vipimo gani vya kuingiza kwenye wastani na vipi vya kuacha. Alama hupotelea hapo pia, na hapo hakuna wa kusingiziwa.

Basi nilimpa nini badala ya manila? Kauntabuku. Nikamwambia aliite daftari la madeni, kama lile analoliweka baba yake dukani. Koboko mtu hafundishwi daftari la madeni. Mji uko kwenye kona ya nchi tatu, wateja wanatoka Kaya upande wa Sudan Kusini na wanatoka upande wa Kongo, wanalipa kwa shilingi, kwa pauni, kwa faranga, na wengine hawalipi. Mwenye duka anayeandika mauzo peke yake na kuacha madeni atatembea kifua mbele mwezi mzima, mpaka siku ya kununua mzigo. Kila swali alilolikosa mpwa wangu linaingia kama deni: tarehe, swali lenyewe, alichojibu, jibu lilivyotakiwa, na kwa maneno yake mwenyewe kwa nini alikosa. Sikubali aandike "sikujua." Je, alisahau? Alichanganya na kitu gani? Hakusoma swali vizuri? Alihesabu "moja" mapema? Deni halifutwi kwa kusoma jibu. Linafutwa akilijibu sawa, kitabu kimefungwa, siku tatu tofauti: baada ya siku mbili, baada ya wiki, baada ya wiki tatu. Akilikosa katikati, linarudi mwanzo.

Utaratibu huo sikuubuni. Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani, aliueleza mwaka 1972 kwa kutumia kadi na sanduku lenye vyumba: kadi uliyoijibu inasogea chumba cha mbele ambako utaionea kwa nadra, uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza. Nyumba yenye boksi tupu la sabuni tayari inalo sanduku la Leitner.

Na kipimo cha maendeleo ni nini? Ni idadi ya madeni yaliyo wazi, na aina zake. Hapa watu hushtuka, kwa sababu mwanzoni idadi hupanda. Wiki ya kwanza mpwa wangu alikuwa na madeni 41, na dada akanipigia simu kwa hasira akisema nimemharibia mtoto. Juzi alikuwa amemaliza, leo hajui kitu. Nilimjibu kwamba madeni 41 yalikuwepo juzi pia. Tofauti ni kwamba juzi aliyekuwa akiyajua ni mtahini peke yake.

Wapo wanaosema utaratibu huu unavunja moyo, na kwamba mtoto wa kike hasa, katika masomo ambayo tayari anaambiwa ni ya wavulana, anahitaji kutiwa moyo kwa vema. Nalichukia wazo lililo ndani ya huruma hiyo. Humtii mtu moyo kwa kumficha hesabu yake. Deni lililofutwa kwa mstari, tarehe tatu ubavuni mwake, ni sifa ambayo hakuna mtu aliyempa, ameilipia. Na kumwachia mtoto furaha ya ukutani hadi Oktoba, halafu Februari akutane na matokeo mbele ya kijiji kizima, sijui huo ni moyo wa aina gani.

Hoja ya mwisho ni ya kisiasa, nayo inatoka kwa marafiki zangu. Wananiambia namtwisha mtoto mzigo wa serikali: walimu wa sayansi ni wachache, na mtoto hapaswi kujifundisha mwenyewe. Nakubali nusu. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wa masomo mengine wakagoma kwa kuachwa nyuma. Chuo Kikuu cha Muni kipo hapa Arua tangu 2013, na sasa kinazalisha walimu hao. Tudai zaidi, na tudai kwa sauti. Lakini tunadai kwa ushahidi gani? Karatasi za manila zinasema mambo yote shwari, silabasi imekwisha. Kusanya madaftari ya madeni ya darasa zima, ukute wanafunzi 60 kati ya 70 wana deni lilelile la amonia. Hapo una barua ya kumwandikia mkaguzi, na mwalimu ana jambo la kufundisha kesho asubuhi badala ya kurudia silabasi yote kutoka mwanzo kama mtu anayedeki nyumba nzima kutafuta sindano.

Ratiba yenyewe sina kesi nayo. Mtoto apange atasoma nini Jumatatu na nini Alhamisi, hilo ni jema, manila ikimsaidia aitumie. Kesi yangu inaanza pale mpango unapogeuzwa kuwa ripoti, pale "nimesoma" inapohesabiwa kama "naweza."

Ukienda kumtembelea mwanao muhula huu, mzazi mwenzangu, beba chakula kama kawaida. Usimwulize amemaliza mada ngapi, na usitazame ukuta. Omba daftari, lifungue popote, mtajie swali moja alilowahi kulikosa, kisha lifunge na ulikalie. Msikilize. Hata kama hukusoma sayansi, utajua: anayejua huanza kueleza, asiyejua huanza kukuonyesha ukurasa ulipo.